Injini ikizima angani kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa, rubani ana dakika ngapi?

Ndege haianguki kama jiwe injini inapozima. Abiria wengi wa ndege ndogo hawalijui hilo, ila kwa rubani ni somo la siku za mwanzo kabisa.

Chukua mfano wa Cessna Caravan, ile ndege yenye injini moja puani, mabawa juu na magurudumu yasiyokunjwa. Imetoka Songea na abiria kumi inaelekea upande wa Nyasa. Imeshapita mashamba ya kahawa ya Mbinga, iko futi 10,500 kutoka usawa wa bahari. Chini ni vilima vya Umatengo, mbele ziwa limeanza kung'aa. Ghafla ngurumo inakata. Kinachosikika ni upepo tu.

Kuanzia hapo injini si habari tena. Kinachoamua nani atalala nyumbani usiku ule ni mwendo wa ndege, kimo kilichobaki, na uamuzi utakaofanywa ndani ya sekunde chache.

Pua chini kwanza

Mtu yeyote aliyekaa kwenye kile kiti, ndege ikianza kushuka, mkono wake utataka kuivuta pua juu. Ni silika, na ndiyo inayoua.

Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa kasi ya kutosha. Pua ikinyanyuliwa bila injini, mwendo unapungua, na ukipungua kupita kiasi hewa inaachia bawa. Hapo ndipo ndege inaanguka kweli, mara nyingi ikiinamia upande mmoja, na ikiwa karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuirekebisha.

Kwa hiyo rubani anafanya kinyume cha silika: anashusha pua kidogo. Kimo anachopoteza kinageuka kuwa mwendo. Ni kama bodaboda anayezima pikipiki kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay ili kubana petroli. Injini imekaa kimya lakini pikipiki inatembea, kwa sababu mlima unailipia. Angani, kimo ndiyo huo mlima.

Kila ndege ina mwendo wake unaoifikisha mbali zaidi bila injini. Kwa Caravan iliyobeba mzigo ni kama noti 95, yaani takriban kilomita 175 kwa saa. Chini ya hapo ndege haifiki mbali hivyo, na juu ya hapo pia haifiki. Rubani huikariri namba hiyo kama anavyokariri namba yake ya simu.

Kazi ya pili ni pangaboi. Mapanga yake yakibaki yametazamana na upepo yanakuwa breki kubwa mbele ya ndege. Kuna mkono wa kuyageuza ili makali yake tu ndiyo yaelekee mbele na upepo upite. Ukivutwa, abiria aliyekaa mbele ataona pangaboi limepunguza mzunguko au karibu kusimama kabisa, na moyo utamruka. Lakini hapo ndege imeongezewa kilomita kadhaa za kwenda.

Hesabu ya vilima na ziwa

Caravan iliyogeuzwa pangaboi, hewa ikiwa tulivu, husogea mbele kama mita 12 kwa kila mita moja inayoshuka. Kwa kukadiria, kila futi 1,000 za kimo ni kilomita tatu na nusu za safari.

Turudi kwenye ile ndege ya mfano. Iko futi 10,500, lakini ardhi ya Mbinga yenyewe imeinuka. Kama vilima vilivyo chini yake viko futi 4,500, kimo cha kweli alichonacho rubani ni futi 6,000 tu. Hizo ni kilomita 20 hivi na dakika kama saba. Akiwa juu ya mgongo mrefu zaidi wa milima, zinapungua.

Sasa aangalie magharibi. Ukanda wa Nyasa uko chini sana. Maji ya ziwa yapo chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, kama futi 1,550. Akigeukia huko, kila kilomita anayokwenda ardhi inamkimbia kuelekea chini. Zile futi 6,000 zinakuwa karibu futi 9,000. Kilomita 20 zinakuwa 30 na ushee, na dakika saba zinakaribia 11.

Kwa rubani, dakika nne za ziada ni utajiri. Zinatosha kujaribu kuwasha injini, kuita redioni, kuwaambia abiria, na kuchagua mahali kwa macho badala ya kwa kubahatisha. Ndiyo maana wanaoruka maeneo haya hupenda kwenda juu kuliko kiwango cha chini kinachoruhusiwa, hata kama abiria analalamika baridi. Kimo ni akiba, na akiba ya aina hii huwekwa kabla ya shida, haikopwi.

Ila ziwani kuna bei yake.

Atue wapi?

Mtu wa Ukata au Litembo akitazama nje ya nyumba yake anajua tatizo lilipo. Umatengo hauna tambarare za kugawa. Miteremko imelimwa ngoro, yale mashimo yaliyozungushiwa matuta ambayo yamehifadhi udongo wa Wamatengo vizazi na vizazi. Kwa mahindi na maharage ni kilimo cha kusifiwa. Kwa gurudumu la ndege linalogusa ardhi kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kila tuta ni ngumi. Mashamba ya kahawa nayo yana mashina magumu na miti ya kivuli.

Barabara? Wazo la kwanza la abiria huwa hilo. Lami ya Songea hadi Mbinga ina vipande vilivyonyooka, lakini ina pia bodaboda, malori ya kahawa, na nguzo za umeme. Marubani husema waya hauonekani mpaka uwe umechelewa. Unachotafuta ni nguzo, ukiziona jua waya upo. Mbinga hadi Mbamba Bay ni habari nyingine: kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Ndege ina upana wa mabawa wa karibu mita 16. Barabara ile haimtoshi.

Rubani mzuri basi hatafuti mahali pazuri. Anatafuta mahali ambapo ndege itapungua mwendo hatua kwa hatua badala ya kusimama ghafla. Shamba la mpunga lililovunwa bondeni, uwanja wa shule, mbuga ya nyasi kando ya mto, ufukwe mpana wa mchanga. Ikibidi vichaka, basi vichaka vilaini kuliko miti mikubwa. Ikibidi mteremko, atue akipanda nao, asishuke nao. Ndege yenyewe kwa wakati huo si mali ya kuokolewa. Mabawa yakikatika lakini chumba cha watu kikabaki kizima, hiyo ni kazi nzuri.

Halafu kuna upepo. Caravan ikiwa imeshusha flapi zake, vile vibawa vya nyuma ya bawa, inaweza kugusa chini kwa noti kama 61, yaani karibu kilomita 113 kwa saa. Ikitua kuelekea kwenye upepo wa noti 20, mwendo wake juu ya ardhi unakuwa kama kilomita 76. Nguvu ya kugonga haipungui kwa uwiano ule ule. Inapungua zaidi, hadi chini ya nusu. Moshi wa jiko la mtu, nguo zilizoanikwa, mawimbi ya ziwa, vyote vinamwambia rubani upepo unatoka wapi.

Mtego wa kurudi uwanjani

Mpaka hapa mfano ulikuwa wa ndege iliyo juu. Injini ikizima mara tu baada ya kuruka, mambo ni mengine kabisa, na hapo ndipo marubani wengi duniani wamepotelea.

Ndege iko futi 300. Uwanja uko nyuma, lami nzuri, zimamoto wapo. Kila kitu ndani ya rubani kinamwambia: geuka, rudi. Lakini kugeuka kunakula kimo, na ndege iliyolala upande inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili isianguke. Ikilazwa nyuzi 45, mwendo wa hatari unapanda kwa karibu asilimia 19. Nyuzi 60, asilimia 41. Rubani aliye chini na bila injini hana mwendo huo wa kuongeza. Akilazimisha, bawa la ndani linaachia na ndege inaingia ardhini kwa pua.

Kwa hiyo kanuni wanayofundishwa ni ngumu lakini iko wazi: chini ya kimo fulani, tua mbele, kulia kidogo au kushoto kidogo, hata kama mbele hakupendezi. Marubani wengi huisema kwa sauti kabla ya kuruka, "ikizima kabla ya futi kadhaa natua mbele," ili uamuzi uwe umeshafanyika akili ikiwa imetulia. Watu wengi zaidi wametoka hai kwenye ndege iliyoharibikia shambani mbele ya uwanja kuliko kwenye iliyojaribu kugeuza.

Viwanja vya nyanda za juu vina ugumu wa ziada. Songea iko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege inahitaji njia ndefu kuruka na inapanda polepole, kwa hiyo muda wa kuwa chini, kwenye kile kimo kisicho na chaguo, ni mrefu. Ndiyo sababu rubani wa ndege ndogo anauliza kilo za abiria mbele za watu na kupima hadi kikapu cha maharage. Wapo wanaoona ni kudhalilishwa. Ni hesabu tu.

Injini mbili si lazima ziwe usalama mara mbili

Abiria wengi wa Ruvuma hawapandi Caravan. Wanapanda Dash 8 Q400 ya ATCL kati ya Dar es Salaam na Songea, ndege ya viti 76 na injini mbili. Kwa ndege ya kiwango hicho, injini moja kuzima ni dharura lakini si hukumu. Kabla ya kila safari marubani hukokotoa mwendo wa uamuzi. Injini ikizima kabla ya mwendo huo, wanafunga breki. Ikizima baada yake, wanaruka na moja iliyobaki, kwa sababu njia iliyobaki haitoshi kusimama. Ndege imetengenezwa iweze kufanya hivyo.

Ndege ndogo za zamani zenye injini mbili za pistoni ni kitu kingine. Zikiwa zimejaa, kwenye joto na mwinuko, injini moja inaweza isitoshe hata kushikilia kimo. Na injini inayofanya kazi upande mmoja inaizungusha ndege kuelekea upande uliokufa. Mwendo ukishuka chini ya kiwango, usukani wa mkia haushindi tena na ndege inapinduka.

Hatari nyingine ni ya kibinadamu zaidi: kuzima injini nzima. Februari 4, 2015, ATR 72 ya TransAsia iliruka Taipei, Taiwan, ikiwa na watu 58. Injini moja ilipoteza nguvu muda mfupi baada ya kuruka. Katika taharuki rubani alirudisha nyuma na kuzima ile iliyokuwa nzima. Ndege iliparamia barabara ya juu na kuangukia mtoni. Watu 43 walikufa.

Dawa yake inaonekana ya kitoto: ngoja. Shika ndege iende sawa, rubani mmoja ataje injini iliyokufa, mwingine ahakikishe, ndipo mkono uguse. Rubani hujua upande uliokufa kwa miguu yake. Mguu unaosukuma ili ndege inyooke ndio upande wenye uhai. Mguu uliolegea ndio upande wa injini iliyokufa. Sekunde tano za kuhakikisha hazijawahi kuangusha ndege yenye mwendo wa kutosha.

Kwa nini izime?

Injini ya Caravan ni ya familia ya PT6, turbini yenye sifa ya kudumu, na ndiyo maana mamlaka nyingi duniani huiruhusu kubeba abiria ikiwa peke yake. Bado huzima. Mafuta ndiyo kisa cha kawaida kwa ndege ndogo: yameisha, yana maji, au yamefungwa upande wa tanki kimakosa. Ndege wa angani wanaweza kuingia. Sehemu za ndani huchoka na kukatika kama hazikukaguliwa kwa saa zinazotakiwa.

Asubuhi abiria wanaweza kumwona rubani akikinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha plastiki chini ya bawa na kuyatazama kwenye mwanga. Anatafuta maji. Asiyefanya hivyo ndiye wa kutiliwa shaka.

Na ile ya mfano, kabla ya kufika chini, rubani atapitia hayo hayo kwa mkono: valvu za tanki zimefunguka? Pampu ya akiba? Kiwashio? Kama kimo kinaruhusu atajaribu kuwasha. Kama hakiruhusu, anaachana nayo. Wapo waliokufa vichwa vimeinamia vitufe huku ndege ikiishiwa mwendo. Redio inakuja baada ya hapo: Mayday mara tatu, jina la ndege, mahali, idadi ya watu, na namba 7700 kwenye transponda. Mtu wa redio hawezi kuishika ndege, anaweza kutuma watu tu, ndiyo maana yuko nyuma ya foleni.

Maji yanapokuwa ndiyo chaguo

Kwenye ukanda wa Nyasa, ufukwe ukiwa na mawe na kijiji, rubani anaweza kuchagua maji ya karibu na nchi kavu. Yapo tulivu asubuhi nyingi. Mei hadi Agosti upepo wa kusini huyageuza, na kila mvuvi wa Liuli anajua mawimbi yake. Ndege inatakiwa iguse sambamba na safu za mawimbi, si kuyakabili, mwendo ukiwa wa chini kabisa na pua imeinuka kidogo. Caravan ina magurudumu yanayoning'inia. Yakinasa maji, ndege inaweza kupinduka.

Inaweza, si lazima. Desemba 11, 2013, Caravan yenye watu tisa iliruka kutoka Kalaupapa, kisiwa cha Molokai huko Hawaii, Marekani. Injini ilikufa muda mfupi baada ya kuruka. Rubani aliishusha baharini. Wote tisa walitoka ndani ya ndege wakiwa hai. Mmoja alifariki akiwa majini akisubiri msaada, wanane waliokolewa, mmoja wao baada ya kuogelea mwenyewe hadi ufukweni. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba vipande vya turbini vilikatika ndani ya injini. Walibaini pia jambo dogo ambalo ni kubwa: abiria hawakupewa maelezo ya usalama kabla ya kuruka.

Maelezo hayo ndiyo yale ambayo watu huyapuuza wakichati.

Kisa cha karibu zaidi kinaonyesha bei yake. Novemba 23, 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa. Watekaji walitaka ipelekwe Australia, na hawakumwamini rubani Leul Abate alipowaambia mafuta hayatoshi. Yaliisha. Injini zote mbili zikazima, na alilazimika kuishusha baharini karibu na ufukwe wa kaskazini wa Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175, 125 walikufa. Baadhi yao walikuwa wameshajaza upepo jaketi zao za kuokolea wakiwa bado wamekaa vitini. Maji yalipoingia, jaketi ziliwanyanyua hadi kwenye dari, wakashindwa kuzama ili wapite mlangoni.

Jaketi huvaliwa ndani, hujazwa nje. Kama kuna sentensi moja ya kubaki nayo mtu anayeruka juu ya ziwa lolote, ni hiyo.

Upande wa abiria

Rubani akishasema "jiandaeni," kazi yake na ya abiria zinakuwa sawa kwa uzito. Mkanda ukazwe hadi uume kidogo, chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga. Kalamu, miwani, simu na viatu vya visigino vitoke. Kichwa kiinamishwe mbele, miguu ibaki bapa sakafuni. Mtoto wa mapajani ashikwe kwa namna iliyoelekezwa kabla ya safari. Kama hakuna aliyeelekeza, ulizeni kabla ya kuruka, si wakati huo.

Kabla ya yote, kila mmoja ahesabu viti kutoka chake hadi mlangoni. Kwenye Caravan ya abiria mlango wenye ngazi uko nyuma kulia, mlango wa mizigo nyuma kushoto, na kuna mlango kila upande mbele kwa rubani. Ndani ya maji au moshi macho hayasaidii. Mkono uliohesabu viti ndio unaojua njia. Ndege ikipinduka majini, mtu ashike kwanza kitu kisichosogea, ukingo wa dirisha au kiti cha mbele, angoje mtikisiko uishe, ndipo afungue mkanda. Anayefungua mapema anaelea bila kujua juu ni wapi.

Mizigo ibaki. Hata begi lenye pesa za kahawa.

Wanaofika wa kwanza

Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyokuwa ikitua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja. Ilikuwa na watu 43, 19 walikufa. Haikuwa ajali ya injini kuzima, lakini inaeleza kilichoko baada ya ndege kugusa maji katika nchi ya maziwa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alitumia kasia kusaidia kuufungua mlango wa nyuma, na watu 24 wakatoka hai kwenye ajali ile. Alivyosimulia mwenyewe, baadaye alijaribu kuwafikia marubani mbele, kamba iliyokuwa ikiivuta ndege ikakatika na kumpiga hadi akapoteza fahamu.

Ukanda wa Nyasa ungekuwa vivyo hivyo. Kabla ya boti yoyote ya serikali, wangefika wavuvi. Kwao kuna mambo machache yenye uzito: wakae mbali na pangaboi hata kama limesimama, wasiwashe moto wala sigara kwa kuwa mafuta huelea juu ya maji, na wasiruhusu watu watano kushika ukingo mmoja wa mtumbwi. Kurusha kamba au dumu tupu ni bora kuliko kujirusha mwenyewe. Nchi kavu, majeruhi anayepumua na asiye karibu na moto asinyanyuliwe ovyo. Shingo yake huenda imevunjika. Namba ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto.

Ndege nyingi hubeba mtambo unaotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya 406 baada ya kugonga, na hivyo ndivyo vikosi vya utafutaji huipata mlimani. Mawimbi hayo hayapenyi maji. Ikizama kabla ishara haijatoka, watakaojua ndege ilipo ni rubani aliyeita redioni, na mtu wa ufukweni aliyeiona ikishuka kimya.